Mbwa Aliyerudisha Mahari

Jirani yangu hapa Kalangalala, Geita, amefungua duka, na tangu afungue duka hana usingizi. Jioni moja alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai yangu, akaongezewa, ndipo akasema kilichomleta. Anataka kununua mbwa wa kulinda mali, lakini hajui achukue wa aina gani. Ameambiwa yupo mrefu wa masikio yaliyosimama, yupo wa mdomo mpana ambaye akiuma haachii, na yupo mdogo wa manyoya ambaye wake za wakubwa humbeba kwapani. Alinijia mimi kwa sababu nina mvi, na watu hudhani kila mwenye mvi ana jibu.

Safari hii alipatia. Katika mambo ya mbwa mimi ni mtu wa kusikilizwa, maana mbwa nusura aniache kapera. Nikamweleza faida na hasara za kila aina, nikaeleza tena, mpaka mke wangu akaanza kukusanya vikombe kwa kishindo, ambayo ndiyo namna yake ya kumwambia mgeni kwaheri. Kesho yake jirani akanunua kufuli. Sikumlaumu, ila maneno yalikuwa yameshaanza kutoka na mimi si mtu wa kumeza maneno, kwa hiyo nayaandika.

Kwetu ni Didia, upande wa Shinyanga, mahali ambapo mtu akikujulia hali hujulia na ya ng'ombe, na mara nyingine huanza na ya ng'ombe. Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshahamishiwa vijijini na nyumba zimepangwa mistari. Mimi nilikuwa kibarua kwenye jinari ya kuchambulia pamba, na nilikuwa nimeona msichana. Nilimwona gulioni akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikakaushwa. Nikachovya mkono kwenye ungo wake kuonja, naye akaniambia mbele ya watu niondoe mkono wangu wenye manyoya ya pamba, michembe yake haivai nguo. Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani nimeshaamua kuoa.

Baba alikubali bila ubishi, jambo lililonitia shaka, kwa sababu baba alikuwa mbishi hata kwa salamu. Kisha akaniambia, "Mke utampata fisi akikubali."

Maana yake niliielewa vizuri sana. Mahari yangu ilikuwa ni wale ndama waliokuwa wakikua bomani, na fisi wa mwaka ule walikuwa wamelifanya boma letu hoteli. Kila ndama aliyeliwa, arusi yangu ilisogea mbele. Msichana naye hakuwa wa kusubiri milele. Kwao, ng'ambo ya mto, kulikuwa na mwanamume mwenye baiskeli mbili, moja ya kupanda na moja ya kuonyesha watu, aliyekuwa amekwisha kupita pale nyumbani kwao kusalimia zaidi ya salamu zinavyohitaji. Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa mikononi mwa mbwa, na mbwa tuliokuwa nao hawakuwa na mikono ya kushika jambo.

Walikuwa wawili, wa kienyeji, rangi ya vumbi. Nisiwaseme vibaya tu, maana mbwa wa kienyeji ana sifa zake. Hana gharama. Anakula ukoko wa ugali, anakunywa maji yaliyooshea sufuria, akiugua hajui kama anaumwa, na kesho yake amepona bila kujua alipona nini. Ila ana kasoro moja kubwa: habagui. Walimbwekea mwizi, wakambwekea katekista, wakambwekea mtendaji wa kijiji, wakaubwekea mwezi, wote kwa nguvu ile ile. Matokeo yake hakuna aliyewasikiliza. Usiku fisi alipokuja kweli, walibweka mpaka sauti zikakauka, na baba akageuka upande wa pili akalala. Asubuhi tukakuta ndama hayupo, na mbwa mmoja hayupo. Yule aliyebaki akaacha kubweka kabisa. Nadhani aliona mwenzake alivyolipwa kwa bidii yake.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akiniita mume wangu, kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu. Akaniambia, "Mume wangu, usihangaike na wasichana wa ng'ambo. Mimi nipo, na sihitaji ng'ombe."

Ndipo akaja baba mdogo kutoka Kharumwa, upande wa Geita. Yeye alikuwa mchimba dhahabu, au kwa kauli yao wenyewe alikuwa na duara, yaani shimo lake na wenzake. Katika miaka yote ile hatukuwahi kuona dhahabu yake, bali tuliona vitu alivyopewa badala ya dhahabu. Aliwahi kuleta saa isiyotembea, akaleta kofia ngumu ya kichwani, na safari hii akaleta mbwa. Alikuwa mrefu, mgongo mweusi, masikio yamesimama, aina ile ya mbwa wa polisi. Alikuwa akikutazama unakumbuka kitu ulichoiba utotoni.

"Kaka," baba mdogo akamwambia baba, "huyu alikuwa analinda viroba vyetu vya mawe. Hapiti mtu. Fisi akimwona huyu atahama wilaya."

Faida ya mbwa yule ilikuwa sura. Wageni wasio na shida ya maana waliacha kuja, na hata wenye shida walisimama barabarani wakapiga kelele kutoka kule. Lakini alikuwa na tumbo, na tumbo lile halikuwa la nchi hii. Ugali mtupu aliunusa akatutazama kwa huruma, akataka utiwe maziwa. Maziwa yenyewe akataka ya leo, si ya mgando. Mama yangu, ambaye hajawahi kumpinga baba mbele ya watu, alimpinga mbele ya mbwa. "Baba watoto, nichagulie," alisema ameshika mwiko. "Nimpikie huyu, au niwapikie wanao? Maana unga hauwatoshi wote."

Na huenda baba angemchagua mbwa, maana alishaanza kuangalia ni mtoto yupi anakula sana, kama isingekuwa ile jioni aliyokutana kwa mara ya kwanza na ng'ombe wakitoka malishoni. Mbwa wa watu alikuwa amezoea kulinda mawe, na mawe hayatembei. Alipoona pembe zinakuja na vumbi lake, akaingia ndani ya nyumba, akapita chini ya kitanda cha baba, akakwama. Kila alipojaribu kutoka alitoka na kitanda. Fisi walipolia usiku ule, na yeye alilia, tofauti ni kwamba wao walikuwa nje. Baba mdogo alisema mbwa anawatega fisi. Tukampa mwenye bucha, na nasikia kule alifanya kazi nzuri, kwa kuwa nyama ya bucha nayo haitembei.

Wa tatu aliletwa na mama kutoka kwa masista wa misheni, waliokuwa wamepata watoto wengi wa mbwa kuliko maombi yao. Alikuwa mweupe, mdogo, manyoya mpaka machoni, huwezi kujua anaenda au anarudi. Tulimcheka, lakini nawaambia ukweli, hakuna mlinzi mwenye masikio kama yule. Fisi akiwa bado ng'ambo ya mbuga anajiuliza aende kwa nani leo, mtoto yule alishamsikia, na alikuwa na sauti nyembamba inayoingia kichwani hata ukijifunika blanketi. Tulilala naye miguuni, miguu yetu ina joto na ndama wetu wazima. Kasoro yake ilikuwa yale manyoya. Akipita majanini anarudi na mbegu za kunata za shamba zima, na mama akawa anakaa kumchambua kama pamba wakati pamba yenyewe iko shambani inangoja.

Kilichomwondoa kilitokana na mahari. Mshenga wetu alimleta mzee mmoja wa upande wa msichana aje atazame hali ya boma letu, kama ilivyo desturi kabla watu hawajazungumza. Jua lilikuwa linazama. Mzee akamwona yule mbwa amejilaza kando ya mbuzi, akasema, "Kondoo wako ana manyoya mazuri sana, ndugu yangu. Nyama yake itakuwa laini."

Sasa, kwetu mgeni hasifu nyama ya mnyama bure. Amesema anachotaka kula. Na baba angesema nini? Angesema huyu ni mbwa, anachambuliwa na mke wangu kila jioni, analala miguuni kwetu? Boma zima lingeonekana halina akili. Baba akasema, "Asante." Kisha akatoka nyuma ya nyumba akachinja beberu wake aliyekuwa akimpenda. Mzee akala, akasifu jinsi kondoo yule alivyokuwa mtamu, na wakati wote huo kondoo alikuwa chumbani kwa mama amezibwa mdomo kwa kanga. Kesho yake akarudishwa kwa masista. Mama alilia. Baba naye alihuzunika, lakini kwa ajili ya beberu.

Nikaona arusi yangu inarudi kwa fisi.

Wakati ule kulikuwa na mzungu wa mifugo aliyekuwa akitufundisha habari za kuogesha ng'ombe. Baba alikuwa anapeleka ng'ombe joshoni kila siku iliyopangwa, mvua inyeshe isinyeshe, si kwa sababu ya utaalamu bali kwa sababu alikuwa hapendi kuambiwa amekosa. Mzungu akampenda. Alipomaliza muda wake akamwachia mbwa wake. Alikuwa mweusi na mweupe, wa umbo la kawaida, jicho moja la kahawia na jingine jeupejeupe. Bibi alimtazama mara moja akasema, "Jicho moja la kwake. Hilo jingine ameazima, na mwenyewe atakuja kulidai."

Siku ya kwanza alilala tu, kidevu chini, anawatazama ng'ombe. Tukasema huyu ndiye mvivu kuliko wote. Jioni ng'ombe walipotawanyika kama kawaida, huyu kwenye ngitili aliyotunzia baba majani ya kiangazi, yule kwenye mihogo ya jirani, mbwa akainuka. Hakubweka. Hakuuma. Aliinama akatambaa, akawazunguka akiwatazama tu, na ng'ombe wakasogea pamoja wakaingia bomani kama watoto wa shule waliomwona mwalimu. Kisha akalala kwenye mwanya wa ua wa minyaa, pale pale fisi alipozoea kupita. Hakuna ndama aliyepotea tena.

Baba, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu mwanawe, alimsifu mbwa yule mpaka tukaona aibu. Jina alilokuja nalo lilitushinda kutamka, kwa hiyo tulimwita mbwa wa baba. Alimpa maziwa kwenye bakuli lake mwenyewe. Mama alitazama akanyamaza, kwa kuwa safari hii hata yeye aliona faida.

Kasoro yake tuliijua polepole. Mbwa yule hakuweza kuvumilia kitu kilichotawanyika. Alikusanya kuku. Alikusanya watoto wa mtaa wakiwa katikati ya mchezo, wakajikuta wote wamesimama penye mlango wetu bila kujua walikuja kufanya nini. Wanawake walioenda kisimani kila mmoja na wakati wake walifika wote kwa mkupuo. Bibi akitoka kwenda kuomba tumbaku kwa shoga yake, alirudishwa kabla hajafika barabarani. Balozi wa nyumba kumi, ambaye alikuwa amehangaika kutuhamisha watu tulioishi tumetapakaa, alimtazama sana akasema, "Huyu peke yake ndiye aliyeielewa siasa ya vijiji."

Mwaka uliofuata mahari yangu ikatimia. Wakwe wakaja, wakazunguka boma, wakawabonyeza ng'ombe mbavu, wakamkataa huyu kwa kukonda na yule kwa kuwa alimtazama mtu vibaya. Vijiti vya kuhesabia ng'ombe vikapangwa chini, vikaondolewa, vikarudishwa, wazee wakakasirika kama inavyotakiwa, wakapatana, wakala. Siku ya kuwaswaga ng'ombe kuwapeleka ng'ambo ya mto, mwendo wa kama saa mbili, baba alimfungia mbwa kwenye ghala la pamba. Mbwa akalia. Hatukuwahi kuisikia sauti yake kabla ya hapo. Baba akasimama mlangoni pa ghala akamwambia kwa upole, "Vumilia. Vumilia, baba." Mimi nilipougua malaria karibu ya kufa, aliniambia, "Inuka."

Asubuhi yake tukamfungulia. Akaenda moja kwa moja bomani. Akazunguka mara moja, akasimama, akatazama nafasi iliyo wazi. Kisha akapita mwanya wa minyaa akatokomea. Tulidhani amesusa.

Jioni tukaona vumbi upande wa mto. Waliotangulia tuliwatambua mmoja mmoja kwa mabaka yao, maana tulikuwa tumewalea. Ilikuwa mahari yangu yote. Nyuma yao walikuwa ng'ombe tusiowajua, nyuma ya hao mbuzi, na nyuma ya mbuzi punda wa mtu akiwa bado na madebe yake ya maji mgongoni. Mwisho kabisa, ulimi nje, alikuwa mbwa wa baba.

"Mume wangu," bibi akasema, "mahari imezaa."

Hakuna aliyecheka. Baba alikaa chini kwenye vumbi. Kwetu ng'ombe wa mahari wakirudi kwa aliyewatoa, ndoa imekufa, na hakuna haja ya kuuliza. Mimi nilikuwa nimepewa talaka na mbwa kabla sijaoa.

Baba akatafuta makubazi yake ya tairi ili awarudishe ng'ombe hapo hapo, lakini hajapata la pili tukasikia mwano, ule ukelele wa kwetu wa kuitana wakati ng'ombe wameibwa. Wakwe walikuwa wamefuata nyayo, na nyayo za kundi zima na punda si kazi kuzifuata. Wakaingia na fimbo na mikuki. Baba mkwe wangu alikuwa mtu mfupi wa sauti ya chini, na sauti ile ilitisha kuliko mikuki.

"Mwadila," baba akamsalimu kwa salamu ya kwetu.

Hakuitikia. "Nina swali moja tu, mzee mwenzangu. Ng'ombe hawa umewachukua kwa kuwa humtaki tena binti yangu, au kwa kuwa wewe ni mwizi? Niambie, nijue nikasirike namna gani."

"Ni mbwa," baba akasema.

"Mbwa."

"Ndiyo. Yule pale."

Wote wakamgeukia. Alikuwa amelala kwenye mwanya wake, miguu imenyooka. Mmoja wao akamgusa kwa fimbo, akasema aamke aonyeshe huo wizi wake. Mbwa akafumbua lile jicho jeupe, akatazama, akaona kila mtu na kila kitu kimekusanyika mahali pamoja, akalifumba. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Nimeona watu wengi wakidanganya," akasema baba mkwe, "lakini sijamwona aliyeleta shahidi wa kusinzia."

Wakaondoka na ng'ombe wote. Mwenye punda alitutukana peke yake, kwa mambo yake mwenyewe. Tukapewa neno: tuje ng'ambo Jumamosi na wazee wetu, na mshtakiwa aje. Tukishindwa kueleza jambo hili likaeleweka, mahari itarudi rasmi, na binti ataolewa na mtu ambaye ng'ombe wake wanajua kukaa walipopelekwa. Nikaziona zile baiskeli mbili.

Jumamosi hiyo sikula kitu. Tulifika, tukakalishwa upande wa lango. Wao walikaa upande wa nyumba, na katikati palibaki uwanja ambao ungeweza kupanda choroko. Wanawake walikuwa jikoni, bibi yangu aliyetufuata akiwa nao, na msichana wangu nilimwona mlangoni akipepeta mtama, hanitazami. Baba alikuwa ameshika mbwa kwa kamba. Maneno yakaanza taratibu kisha yakaacha kuwa taratibu. Mzee wetu mmoja akasema huko hakuna ukoo, kuna mkusanyiko tu. Mzee wao akasema afadhali mkusanyiko kuliko ukoo wa wezi wanaosingizia mbwa. Mzee wetu akachukua kigoda chake akaenda kukaa karibu na lango akiwapa mgongo. Wa kwao akaenda penye zizi. Wengine wakasimama, huyu anaelekea huku, yule kule, kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Baba, ambaye hakuweza kubishana bila mikono miwili, akaachia kamba.

Mbwa alikuwa anautazama uwanja ule kwa muda mrefu, na nadhani ulikuwa unamuumiza. Akainama. Akatambaa akapita nyuma ya mzee wa langoni, akamgusa shavu la mguu kwa pua. Mzee akaruka, akarudi hatua kadhaa, akakaa. Akamfuata wa zizini, akamtazama kwa lile jicho. Mzee akasema, "Ondoka wewe," lakini aliyeondoka alikuwa yeye. Mbwa akazunguka tena, kimya, na duara likazidi kuwa dogo. Wazee wanasogea huku wakiendelea kubishana, hawajui kwamba wanasogea. Baba mkwe alisogezwa na kigoda chake. Walipokuja kunyamaza, walikuwa wamekaa wote katikati ya uwanja, ukoo wetu na ukoo wao, magoti yanagusana, na baba mkwe bega kwa bega na baba yangu. Mbwa akalala mbele yao, kidevu chini, akaridhika.

Kisha nikasikia mtu anacheka jikoni, mtu anayejaribu kucheka ndani ya ungo. Alikuwa yeye. Bibi yangu akapokea. Halafu yule mzee aliyekula kondoo akacheka mpaka akashika bega la mzee wetu asianguke, na wote wakaanza.

Baba mkwe alicheka mwisho, kidogo. Akapangusa macho akasema, "Nimeona. Wizi hakuna. Binti ni wenu. Ila sharti moja: ng'ombe wabaki kwangu, na mbwa abaki. Bila hivyo ng'ombe hawa watakuwa wanakula kwangu na kulala kwako."

Kila mtu akasema sawa, ni haki. Wakamtazama baba.

Nilimwona akipima. Huku mbwa, huku mimi. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akarudi kwa mbwa, na pale alikaa kwa muda ambao ulinichoma moyo, na unanichoma mpaka leo ninapocheka. Bibi ndiye aliyemwokoa. "Mwanangu," akasema, "huyo hatakuletea wajukuu." Baba akainama, akaiokota kamba, akaiweka mkononi mwa baba mkwe. Njiani alitutangulia mbali, na nikaona mkono wake ukipanda usoni mara kwa mara, na hapakuwa na vumbi siku ile.

Nikaoa. Mbwa alitulia kule, kwa kuwa shida yake ilikuwa ng'ombe, si boma. Mwenye baiskeli mbili akaoa kwingine.

Lakini ndoa ni ndoa, na mke wangu hakuwa amepoteza ule ulimi wa gulioni. Tulipogombana alifunga kitambaa chake akaenda kwao. Mara ya kwanza nilikaa nikijiuliza nitamtuma nani akaombe msamaha, na jua halijazama nikamwona anakuja, amekunja uso, na nyuma yake mbwa wa baba anatambaa kulia, anatambaa kushoto. "Sikuja kwa hiari yangu," akaniambia. "Nimeswagwa." Ikawa hivyo kila mara, maana kwa mbwa yule mke aliye mbali na mumewe alikuwa kitu kilichotawanyika. Alikwenda amekasirika, akarudi ameswagwa, na heshima yake haikupungua hata chembe. Baba alikuwa akimwona mbwa kabla yetu. Alitoka mbio na bakuli la maziwa akampokea mbwa kwanza, kisha ndipo akajifanya kushangaa kwamba na mkamwana yupo. Kwetu baba mkwe na mkamwana huheshimiana kwa mbali, hata chombo hawapeani, kwa hiyo maneno yao yote yalipitia kwa mbwa. Tukikaa kwa amani muda mrefu, baba alianza kunizungukazunguka. "Ninyi," aliniuliza siku moja, "siku hizi hamgombani kabisa?"

Mbwa alizeeka, akafa masika moja ya miaka ya themanini, akiwa amelala kwenye mwanya wa ua wa wakwe zangu. Baba alikwenda ng'ambo kama anayekwenda msibani, na alirudi siku ya pili.

Haikupita miezi mingi tukagombana ugomvi mkubwa kuliko yote. Mimi nilitaka tuhamie Geita, nimfuate baba mdogo na bahati yake. Mke wangu alisema hatawalea watoto kwenye mashimo. Nilisema maneno, akasema yake, akamfunga mtoto mgongoni akaenda. Jioni nikasimama kwenye minyaa nikitazama upande wa mto, kisha nikakumbuka. Siku ya pili nikasimama tena. Niliogopa kwelikweli, kwa kuwa safari hii hapakuwa na wa kumleta, na mimi sikujua kuswaga.

Siku ya tatu akaja. Peke yake, mtoto mgongoni, mzigo kichwani, amekunja uso kama zamani. Baba alikuwa amekaa mlangoni kwake, macho yameshaanza kupoteza nuru.

"Nani amekuleta?" nikamuuliza.

"Mbwa," akasema.

Baba akainuka. Akaitazama njia nyuma yake kwa muda mrefu, mpaka kule inapokata mbugani. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile bakuli limejaa maziwa, akampa mkamwana wake kwa mikono miwili. Naye akapiga goti akapokea, akanywa yote.